Kiganja na Shavu

"Nani amekufa?"

Shangazi Getrude hakuuliza kwa sauti kubwa. Aliuliza kwa ile sauti ya chini ambayo Kissa aliifahamu tangu utotoni, ile inayotangulia kofi. Désiré alikuwa bado ameshika kitenge alichofunikia zawadi yake. Tabasamu lilikuwa bado usoni pake, maskini, halijapata habari.

"Hakuna aliyekufa, Maman," alisema. "Ni zawadi. Yako."

Juu ya meza ya kuchongea alikuwa ameketi Yesu wa mti, kimo chake kama mtoto anayejifunza kutembea. Hakuwa msalabani, wala hakuwa na kondoo begani. Alikalia robota la nguo lililokazwa kwa kamba, kama yale wanayoyakalia wapagazi wa soko la nguo la Liuhua, hapa Guangzhou, mabega yakiwagomea. Taji la miiba lilipakwa kijani, joho jekundu, na miguu ilikuwa peku. Kiwiko kilisimama gotini, shavu limelala kiganjani. Yesu alikuwa ameshika tama.

Kissa alitamani sakafu ipasuke immeze. Wiki nzima alikuwa akiipanga siku hii. Alimwambia Désiré avae shati la mikono mirefu, akavaa. Alimwambia aache "jambo" yake ya Kongo, aseme "shikamoo" na ainamishe kichwa, akainamisha, tena vizuri mpaka shangazi akaitikia "marahaba, mwanangu" kwa sauti ya kuridhika. Alimwambia afagie maranda yote sakafuni, akafagia. Kitu kimoja tu hakumwuliza, nacho ni zawadi yenyewe. Désiré alikuwa amesema ni siri, na mwanamke gani anayependa atamlazimisha mwanamume aseme siri ya zawadi?

Na siku yenyewe haikuwa na pacha. Ulikuwa mwaka wa Olimpiki, Wachina walikuwa wamezibana viza mpaka watu wakakosa pumzi. Viza ya Kissa ilikuwa inaisha, na kesho asubuhi alikuwa anapanda ndege na shangazi yake kurudi nyumbani. Kwao Tukuyu, mzee Ernest, baba yake Kissa, hakuwahi kuoza binti bila dada yake Getrude kusema ndiyo. Shangazi akisema ndiyo, ng'ombe huhesabiwa. Akisema hapana, hata uje na malaika wa kukudhamini, utanyweshwa chai na kusindikizwa hadi barabarani.

Basi leo ilikuwa leo. Ama shangazi arudi na jina la Désiré mdomoni, ama arudi na jina la Rodgers, yule kijana wa kargo, mwenye maneno ya asali na funguo za gari zisizotoka kidoleni. Rodgers alikuwa chini muda huohuo, anawasubiri awarudishe hotelini. Alijitolea mwenyewe.

"Kijana," shangazi alisema, "huko kwenu Kongo hamkufundishwa? Mtoto akishika tama, mama yake anamchapa mkono. Anaita msiba huyo. Sasa wewe umeuchonga msiba, ukaupaka rangi, ukaufunika na kitenge?"

"Tulifundishwa, Maman. Mama yangu alinichapa sana."

"Basi?"

"Lakini huyu si mtoto. Huyu ni Yesu. Niruhusu nikueleze."

"Eleza. Nina masikio."

Désiré alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. Kissa alimtazama yale mabega mapana yaliyojikunja kwa heshima, na ule mkwaruzo mpya wa patasi kwenye kidole gumba, akatamani aende akakishike kidole kile mbele ya kila mtu. Akajizuia. Akakunja vidole vyake mwenyewe.

"Misheni ya kwetu, karibu na Kalemie, kulikuwa na Furere mmoja, mtawa fundi wa mbao," Désiré alianza. "Furere Stanislas. Alitoka Poland, huko kwenye milima. Miye nilikuwa yatima wa vita, njo alinichukua. Alinionyesha namna wakulima wa kwao wanachonga. Kule, Maman, kwenye njia panda wanasimamisha kijumba kidogo juu ya nguzo, kina paa lake, na ndani wanamkalisha Yesu hivi. Si kanisani. Njiani. Mtu akipita na mzigo wake anasimama, anamwambia shida. Yesu hajibu kitu. Anakaa naye tu, anawaza naye."

"Na huko Poland robota la nguo linatoka wapi?"

"Hilo ni la kwangu," Désiré alisema, na kwa mara ya kwanza akainua macho. "Kule anakalia jiwe ama kisiki. Hapa Guangzhou angekalia nini, kama si robota?"

Shangazi alisogea. Akainama. Akanusa.

Kissa akafumba macho. Huu mti ulikuwa mkafuri, ile miti inayotoa kivuli katika mitaa ya Guangzhou. Furere alichongea mti mlaini wa kwao ambao nyuki wanapenda maua yake, lakini hapa Désiré aliujua mkafuri kuwa ndio unaoitii patasi na hauliwi na wadudu. Kuna harufu moja tu ya mkafuri, na hakuna mtu mzima wa nyumbani asiyeijua.

"Karafuu maiti," shangazi alisema taratibu. "Yesu na Maria. Ameshika tama, ananuka karafuu maiti. Umebakiza sanda tu, mwanangu, tuanze kuimba."

Kicheko kilimponyoka Kissa puani. Shangazi akamgeukia.

"Unacheka?"

"Sicheki, Shangazi."

"Utacheka vizuri ukiwa mjane."

Lakini Shangazi Getrude alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara haondoki kwenye meza kabla bei ya mwisho haijatajwa. Alizunguka sanamu. Akapitisha kidole kwenye kamba za robota, nyuzi zake zimesokotwa hata ungedhani ukizivuta zitafunguka. Akagusa miguu. Kissa aliyaona macho ya shangazi yakifanya ile kazi yao ya soko la nguo la Shisanhang, ya kutafuta kasoro kwenye mshono, na safari hii hayakuipata.

"Mikono unayo," shangazi alisema. "Sikatai. Mimi ni Mmoravian, sisi hatupigii vinyago magoti, lakini jicho langu halina dini. Sasa nisikilize, nitasema mara moja. Hicho kiganja kibandue shavuni. Mnyooshe mkono, abariki watu, kama Yesu wa nyumba za watu wengine. Ukifanya hivyo leo, kesho naondoka naye, namweka sebuleni kwa kaka yangu Ernest, na ninamwambia: nimemwona kijana. Ana kazi, ana adabu, tumpe mtoto."

Kissa hakuyaamini masikio yake. Furaha ilimpanda mpaka akashika ukingo wa meza.

"Asante, Shangazi! Désiré, umesikia? Umesikia alivyosema?"

Désiré alikuwa amemtazama Yesu wake.

"Nimesikia," alisema. "Pole sana, Maman. Siwezi."

Chumba kikazizima, pamoja na joto lote lile la Agosti.

Kissa alimkamata mkono, akamkokota hadi dirishani. Chini yao barabara ya Guangyuan Xilu ilikuwa inachemka, watu na marobota, matoroli na kelele za kuombana njia. Alisema kwa mnong'ono, lakini mnong'ono wake ulikuwa na kucha.

"Ni mkono tu!"

"Si mkono tu."

"Désiré, ule ni mti. Mimi ni mtu! Kesho ninaondoka, unaelewa? Nikitua bila neno la shangazi yangu, baba hatakupokea hata uje na ng'ombe wa nchi nzima. Wataniambia Rodgers, Rodgers, Rodgers, mpaka nichoke, na mimi nitachoka, ni binadamu!"

"Ninaelewa, chérie."

"Usiniite chérie! Bandua!"

"Hakikubandikwa, Kissa. Njoo uone."

Alimrudisha mezani, akaigeuza sanamu. Mgongoni ilikuwa tupu, imekombwa kama mtumbwi. Ndivyo Furere alivyomfundisha: moyo wa gogo unatolewa, ama sivyo mti ukikauka unapasuka.

"Kiganja na shavu ni mti mmoja," alisema, na kidole chake kikafuata mistari ya mti. "Ona, nyuzi zinatoka hapa kwenye vidole, zinapanda mpaka kwenye jicho. Furere alikuwa anasema uanze na hivi viwili, uvikutanishe kwanza, mengine yatafuata. Nikikata kiganja, uso unaenda nacho. Atabaki mtu asiye na sura, anabariki watu."

"Basi chonga mwingine! Useme nitachonga mwingine, nitamleta Tukuyu."

"Hata huyo nitamchonga hivi."

"Kwa nini?"

"Sababu njo ukweli."

Hapo ndipo Kissa alipokasirika kweli. Jamani, mapenzi yana mahali pake pa kuuma. Kwamba hawezi, alikuwa ameshaelewa. Kutotaka ndiko kulikomchoma. Akachukua patasi mezani, ile pana, akaiweka kwenye kifundo cha mkono wa Yesu.

"Usipokata wewe, nitakata mimi. Shangazi, unaona?"

"Ninaona," shangazi alisema. "Kata, mwanangu. Baadaye atakushukuru."

Kissa alimsubiri Désiré amrukie. Alitaka amrukie, ampokonye, apige kelele, aonyeshe kwamba kuna kitu kinachomuuma. Désiré hakumrukia. Alichukua nyundo ya mti akampa.

"Bila nyundo haitaingia," alisema. "Sitakuzuia. Ila mtazame kwanza. Hujamtazama, Kissa. Tangu nimemfunua unamtazama shangazi yako."

Basi Kissa akatazama.

Alianzia kwenye kiganja, akashuka gotini, akafika miguuni. Mguu wa kushoto ulikuwa umekanyaga wa kulia, na kidole gumba cha juu kimekingama kwenye kidole cha chini, kimekishika. Hakuna anayeketi hivyo. Tangu shule ya msingi walimcheka, wakimwuliza kama anaogopa mguu wake utatoroka. Hakuna duniani anayeketi hivyo isipokuwa yeye.

Ngazi za lile jengo la nguo Liuhua zikamrudia palepale. Ilikuwa siku yake ya kwanza kukutana na Désiré. Mwenye duka alikuwa amemwambia "mei you", hakuna, mzigo aliouagiza na kuungoja ameshamuuzia mwingine, na yeye akabaki na robota moja, msimu umepita, na simu ya shangazi inaita mfukoni. Alivua viatu, akakalia robota, akashika tama mbele ya umati mzima, kwa kuwa alidhani hakuna anayemwona. Kisha sauti ya Kikongo ikauliza juu yake: "Dada, unalia ama unawaza?"

"Nawaza," alijibu bila kuinua kichwa.

"Bon. Waza. Nitakulindia mzigo."

Na yule mtu, mgeni kabisa, alisimama pale na gunia lake la magogo begani, akazuia matoroli yasimgonge, bila neno jingine, mpaka Kissa alipomaliza kuwaza.

Kissa akaiweka patasi chini.

"Ni mimi," alisema.

"Njo hivyo," Désiré alijibu. "Siku ile nilimwona Yesu wa Furere ameketi Liuhua. Ukiniambia ninyooshe mkono huo, unaniambia niseme sikukuona."

Walitazamana. Macho ya Désiré yalikuwa mekundu kwa kukesha na vumbi la mbao, na Kissa aliona aibu na furaha kwa pamoja, akajua kwamba kama kuna mwanaume mwingine wa kuolewa naye, basi Mungu hajamaliza kumuumba.

"Nini ni wewe?" Shangazi aliuliza. "Semeni kwa sauti, na mimi nipo hapa."

"Shangazi, unakumbuka mzigo wangu ulipouzwa pale Liuhua? Nilikuambia nini kwenye simu?"

"Ulisema mambo ni safi."

"Nilikudanganya. Nilikuwa nimekaa ngazini peku, nimeshika tama. Huyu ndiye aliyesimama na mimi. Rodgers alipita, Shangazi. Alinipungia mkono kwenye gari."

"Wewe! Wewe ulishika tama? Hadharani?"

"Nilishika. Na hakufa mtu."

Désiré alisogea hatua moja. "Maman, Kissa aliniambia kwenye msiba wa mume wako ulikataa kukaa. Ulisimama unagawa chakula mpaka watu wakaondoka. Mama yangu pia alikuwa hivyo. Huyu anashika tama ili weye usishike. Njo maana nilikuletea weye, sikumletea mwingine."

Kwa kitambo kidogo uso wa shangazi ulilegea. Kissa aliliona jambo hilo. Lakini Getrude binti Mwakasege hakufika alipofika kwa kulegea.

"Usinihubirie," alisema. "Tena usinitajie marehemu. Bei yangu nimeshaitaja na ninyi mmekataa. Kissa, beba mkoba. Rodgers yuko chini na gari."

"Rodgers mwambie aoe gari lake."

"Unasemaje?"

"Nimesema sikati, Shangazi. Kiganja kinabaki, na mimi nabaki nacho. Umenilea wewe, umenifundisha biashara wewe, umenipandisha ndege wewe, nakushukuru mpaka kaburini. Lakini kulala na mwanaume nitalala mimi. Mimi ndiye nitakayeamka naye, nimpikie, nimzikie wazazi. Hata baba akinifungia mlango nitakaa nje ya mlango nimeketi hivyohivyo, mguu juu ya mguu, mpaka afungue!"

"Mtoto umelogwa!"

"Nimependwa, Shangazi. Wewe jambo hilo hulijui."

Neno lilitoka kabla hajalipima, na shangazi akarudi nyuma kama aliyepigwa. Kissa angeomba radhi. Alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Huzhao! Huzhao!"

Pasipoti. Hata aliyeshuka Guangzhou jana alilijua neno hilo. Mwaka ule walikuwa wanapita jengo kwa jengo, sakafu kwa sakafu, na ukisikia sauti hiyo ngazini unapapasa mfuko kabla hujapumua. Kissa alipapasa. Shangazi alipapasa. Désiré hakupapasa kitu.

"Yako iko wapi?" Kissa alimwuliza.

"Iko sandukuni."

"Itoe basi!"

"Viza ilikwisha mwezi uliopita, Kissa."

"Uliniambia nisiwe na wasiwasi! Uliniambia umepata tiketi!"

"Tiketi ya kuondoka nilikuwa nayo, nikaiacha ipite. Lakini mvua ilikuwa inanyesha kila siku, rangi ilikataa kukauka. Ningekuja kwenu na nini? Mkono mtupu haulambwi, si ninyi mlisema?"

Aliyejibu alikuwa shangazi, na alichosema hakuna aliyekitarajia, pengine hata yeye mwenyewe.

"Kuna ngazi ya nyuma. Nimeiona tukipanda. Kimbia, kijana."

Désiré alitikisa kichwa. Alikuwa anafunga vifungo vya mikono ya shati, kimoja kimoja, kama mtu anayekwenda kanisani.

"Asante, Maman. Nilipokuwa mtoto nilikimbia, bunduki zikiwa nyuma. Nikakimbia tena nilipokuwa kijana. Leo sikukosa kitu ila kuchelewa. Sitaruka dirisha mbele ya mama mkwe wangu."

Akaenda akafungua mlango mwenyewe.

Waliingia askari wawili, wenye jasho na uchovu wa ngazi. Waliangalia pasipoti ya shangazi, wakarudisha. Waliangalia ya Kissa, wakarudisha. Ya Désiré waliishika muda mrefu, wakaongea wao kwa wao, kisha mmoja akaonyesha mlango. Mwenzake alimwangalia Yesu mezani, akamwangalia Désiré, akamwangalia Kissa aliyekuwa amekishika kidole gumba chenye mkwaruzo na hakiachii. Akamwonyesha Kissa, akamwonyesha Désiré, akauliza jambo.

Kichina cha Kissa kilikuwa cha dukani: bosi, bei gani, punguza, sitaki. Lakini kuna neno moja ambalo wasichana wa Shisanhang walimtania nalo kila alipopita na Désiré. Akasimama wima.

"Wo laogong," alisema. Na kwa kuwa sauti ilimtetemeka, akarudia kwa nguvu mpaka ukumbini wakasikia. "Wo laogong!"

Shangazi Getrude, aliyeijua Guangzhou kabla Kissa hajajua kufunga robota, hakuhitaji kutafsiriwa.

"Kissa! Unajua ulichosema?"

"Najua. Nikiseme na kwa Kiswahili? Huyu ni mume wangu."

Askari aliwaachia nafasi ya kuagana, ndogo kama ya kuvaa viatu.

"Usimwache hapa," Désiré alisema, akionyesha meza. "Mwenye nyumba atamfanya kuni."

"Simwachi."

"Watanishusha Kinshasa. Toka Kinshasa mpaka kwetu ni safari. Lakini toka kwetu mpaka Tanzania ni ziwa tu. Nitakuja, Kissa. Nitakuja na shati hili."

"Usipokuja, nitakuja mimi."

"Kalemie ni mbali."

"Ni mbali kuliko Guangzhou?"

Désiré akacheka. Alicheka kweli, kicheko chake chote, askari wakatazamana. Akapeleka kiganja chake shavuni kwa Kissa, akakiacha hapo, mbele ya shangazi, mbele ya serikali ya watu, na Kissa akalaza uzito wote wa kichwa chake ndani yake. Kisha wakamchukua. Viatu vyake vilisikika ngazini, havikukimbia wala havikuburuzwa.

Kissa hakulia. Alichukua kile kitenge, akakitandaza, akajiinamisha mbele ya meza, akamvuta Yesu mgongoni kama wanavyobebwa watoto. Kwa kuwa alikuwa mtupu ndani, hakuwa mzito alivyoonekana. Akakaza fundo kifuani.

"Unafanya nini?" shangazi aliuliza.

"Nabeba mahari yangu."

"Mahari! Kipande cha mti ni mahari? Baba yako atakucheka!"

"Atacheka, atanyamaza. Huyu mtu amekamatwa kwa kutuletea hiki, Shangazi. Kuna aliyewahi kutuletea zaidi?"

"Ukishuka nacho hivyo, mji mzima utasema. Kila Mtanzania wa Guangzhou atapiga simu nyumbani kabla hujafika chini."

"Wapige. Maji nimeshayavulia nguo. Na lile neno nililokuambia, nisamehe. Lile tu. Mengine yote nimeyasema."

Akashuka. Nyuma yake alisikia mlango ukifungwa kwa kishindo na viatu vya visigino vikimfuata kwa hasira, ngazi baada ya ngazi.

Nje watu walikuwa bado wamesimama makundi makundi, wakilitazama gari la polisi lililokuwa linapinda kona. Walipomwona Kissa wakampisha. Mama mmoja wa Kikongo akafanya ishara ya msalaba. Wapagazi waliokuwa wamepumzika juu ya marobota yao walimkazia macho yule aliye mgongoni, ameketi kama wao, na mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidole, wakacheka kwa furaha, bila ubaya.

Rodgers alikuwa ameegemea gari, funguo zinazunguka kidoleni. Zikasimama.

"Kissa? Gari liko huku. Hicho nini mgongoni?"

"Ni mahari yangu."

"Mahari ya nani?"

"Ndege ni kesho, Rodgers. Leo naenda kituoni kumwona mume wangu."

Hakusimama hata kumwangalia. Kituo cha polisi kilikuwa mbele, ng'ambo ya barabara, na miguu yake ilikuwa imeshakanyaga lami. Nyuma alimsikia Rodgers akilalamika, sauti ya mtu aliyeibiwa mchana.

"Shangazi, mbona hivi? Si tulikubaliana? Hebu sema naye basi!"

"Usinitazame mimi," Shangazi Getrude alimjibu, huku akihema. "Aliyetolewa mahari ni yeye."

Kisha visigino vikaanza tena kugonga, kwa kasi zaidi, na sauti ile ya chini ya utotoni ikawa kelele iliyovuka barabara nzima ya Guangyuan.

"Ningoje, wewe mtoto! Ukifika huko utawaambia nini, na Kichina chenyewe unajua neno moja tu?"

Kissa hakugeuka. Alipunguza mwendo.